Wajina studioni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wageni wa redio na podikasti wenye jina moja

Ukurasa huu ni wa watayarishaji na watangazaji wa redio, pamoja na wanaotengeneza podikasti, Mwanza na kwingineko mwambaoni mwa Ziwa Victoria. Unahusu jambo moja: wageni wawili au zaidi, kila mmoja na taaluma yake, wanaoitwa jina lilelile. Msimamo wetu ni kwamba jina peke yake halitoshi kumtambulisha mtu hewani. Lifungwe pamoja na kazi yake na mahali alipo, mgeni mwenyewe akiwa ameridhia, na maneno hayo yasibadilike kuanzia kwenye mwaliko hadi kwenye maktaba ya vipindi. Juma Mabula anayetajwa humu ni jina la mfano tu.

Kwa nini wajina ni wengi hivi huku kwetu?

Kwa sababu majina mengi hayachaguliwi, huletwa na mazingira ya kuzaliwa. Kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayewafuata ni Shija, iwe Magu, Kwimba au Sengerema. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Mabula au Kabula; aliyetanguliza miguu ni Kashinje. Ukienda Rorya, na mbele yake Kisumu, Otieno ni wa usiku na Ochieng ni wa mchana wa jua. Ongeza Juma, Joseph, Emmanuel na Neema wa kila mtaa, kisha ongeza desturi ya mjukuu kupewa jina la babu yake.

Lakini wingi wa majina si chanzo pekee. Kwenye kitambulisho cha taifa Mtanzania huandikwa majina matatu. Mjini hutumia mawili. Redioni tunalikata tena, linabaki moja: "Mabula yuko nasi." Kila tunapopunguza jina tunawaongeza wajina. Na redio haina sura. Anayefungulia redio kwenye daladala akiwa kati ya Buzuruga na Igoma, mazungumzo yakiwa yamefika katikati, hana kitu kingine cha kumsaidia ila maneno ya mtangazaji.

Madhara yake ni yapi hasa? Si usumbufu mdogo tu?

Wakati mwingine ni usumbufu tu. Mfugaji wa samaki wa vizimba atampigia wakili kuuliza bei ya vifaranga, watacheka, yataisha. Hatari ipo pale taaluma zinapokaribiana. Dkt. Mabula wa mifugo anaeleza leo kiwango cha dawa ya minyoo kwa mbuzi. Juzi Dkt. Mabula wa binadamu alikuwa hewani kipindi hichohicho akizungumzia kichocho. Kuna msikilizaji atakayeyaunganisha mazungumzo hayo mawili kuwa ushauri wa daktari mmoja, na dawa ni jambo la kipimo. Angalia kwamba hapo cheo cha "Daktari" hakikusaidia kutofautisha, kimezidisha mkanganyiko.

Madhara mengine humpata mgeni mwenyewe: mtumishi wa umma kudhaniwa ndiye aliyetoa kauli ya kisiasa, mchungaji kudhaniwa ndiye mganga aliyetangaza dawa, mfanyabiashara wa Mwaloni Kirumba kudhaniwa ndiye aliyetajwa kwenye taarifa ya mahakamani. Hawa hawana kosa, na redio ndiyo yenye uwezo wa kuzuia.

Tuchukue taarifa gani tunapomwalika mgeni?

Simu moja ya dakika tano inatosha kupata haya:

- Majina yake matatu, kwa tahajia anayoitumia mwenyewe. Msikisie. Hamisi, Hamis na Khamis ni watu watatu kwenye utafutaji wa kompyuta. Vivyo hivyo Magreth na Margareth.
- Jina analojulikana nalo kazini, kama ni tofauti.
- Kazi yake kwa sentensi moja, kwa maneno yake.
- Taasisi au wilaya anakofanyia kazi.
- Namba atakayopatikana nayo siku ya kipindi.
- Ukurasa au akaunti yake moja ya mtandaoni, aitume yeye mwenyewe, msiitafute ninyi.
- Na swali ambalo watayarishaji wengi hulisahau: "Kuna wajina wako ambaye watu huwachanganya?"

Hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Mtu aliyeishi na jina lake miaka arobaini anamjua wajina wake. Atakuambia, "Ndiyo, yupo mwalimu wa Pasiansi, hupigiwa simu zangu," na hapo mmeshajua kabla ya kufungua maiki ni mkanganyiko upi wa kuzuia.

Mkimaliza, hifadhini namba kwa jina, kazi na mahali: "Mabula Samaki Nyegezi". Mkihifadhi "Mabula Mgeni", siku ya kumwalika wa pili mtakuwa na wawili wenye jina hilo kwenye simu moja, na zamu ikibadilika mtayarishaji mpya atapiga wa juu kwenye orodha.

Tutajuaje kwamba aliyefika studioni ndiye tuliyemwalika?

Msimuulize swali la ndiyo au hapana.

Mfano unaojulikana duniani kote ni wa tarehe 8 Mei 2006, BBC, London. Guy Goma, mzaliwa wa Kongo-Brazzaville, alikuwa amekuja kwa usaili wa kazi ya teknolojia ya habari. Guy Kewney, mwandishi wa masuala ya teknolojia, alikuwa anasubiri kwenye mapokezi mengine ya jengo lilelile. Aliyetumwa kumchukua mgeni akaenda mapokezi yasiyo yenyewe, akaonyeshwa Goma, akamuuliza kama ndiye Guy Kewney, naye akajibu ndiyo. Muda mfupi baadaye Goma alikuwa mubashara kwenye televisheni akiulizwa kuhusu kesi kati ya Apple Corps na Apple Computer. Hao walishirikiana jina la kwanza tu.

Kilichokosekana pale ni mtu mmoja, kati ya mlango na maiki, wa kumuuliza mgeni anafanya kazi gani. Mtu aliyesubiri na mwenye wasiwasi hujibu "ndiyo" kwa swali lolote linaloanza na jina lake. Kwetu heshima huongeza uzito: mgeni ataona ni utovu wa adabu kumkatalia mwenyeji. Kwa hiyo anayempokea aulize: "Karibu sana. Hebu tukumbushe, unafanya kazi gani, na leo umekuja kuzungumzia nini?"

Kisha fundi mitambo arudie wakati wa kupima sauti. Badala ya kumwambia mgeni ahesabu moja hadi kumi, amwambie: "Taja majina yako yote, kazi yako na unakotoka." Sekunde kumi na tano hizo zinawapa mambo matatu: kipimo cha sauti, uhakika wa mtu, na matamshi sahihi ya jina lake kwa sauti yake. Msizifute. Zikateni zikae mwanzoni mwa faili ghafi la mahojiano. Miaka ikipita, ndizo zitakazowaambia ni Mabula yupi.

Kwa mgeni wa simu, fundi ampigie dakika kumi kabla na kuuliza maswali hayohayo nje ya hewa. Mlinzi wa getini naye apewe orodha yenye jina, kazi na saa, si jina tu, hasa siku ambayo ofisi ina usaili wa kazi au kikao.

Neno la kutofautisha tulichague vipi?

Linalofanya kazi vizuri ni kazi mahususi na mahali: "mtafiti wa samaki wa Nyegezi", "wakili wa Ilemela", "nahodha wa meli ya Bukoba". Kazi ya jumla haitoshi. "Mtaalamu", "mdau", "mjasiriamali" na "mwanaharakati" zinamfaa yeyote. Kama wote wawili ni walimu, shukeni ngazi moja: mwalimu wa fizikia, mwalimu wa kwaya.

Jina la tatu, la babu au la ukoo, ni msaada mzuri kama mgeni yuko radhi litumike. Herufi ya katikati ni nzuri kwenye karatasi lakini dhaifu masikioni. Winston Churchill wa Uingereza, aliyekuja kuwa waziri mkuu, aligundua mwaka 1899 kwamba Marekani kuna mwandishi wa riwaya mwenye jina lake. Wakaandikiana barua, na Mwingereza akakubali kutia sahihi maandishi yake kwa jina la Winston Spencer Churchill. Kwenye jalada la kitabu msomaji huiona tofauti hiyo. Hewani, "Juma K. Mabula" huifikia spika ya bodaboda kama "Juma Mabula", kwa hiyo msiitegemee.

Msitumie kabila, dini, ulemavu, umbo wala hali ya ndoa kuwatofautisha wageni. Msiseme "Mabula mkubwa" na "Mabula mdogo", wala "wa kwanza" na "wa pili". Mmoja atajiona ameshushwa mbele ya mji mzima. Cheo kitumike kikiambatana na kazi, kwa sababu vyeo vingi vina wenyewe wengi. Dkt. anaweza kuwa wa binadamu, wa mifugo, au msomi wa historia. Kapteni anaweza kuwa wa jeshi, wa meli, au wa timu.

Mkishachagua, msomeeni mgeni, akubali au arekebishe. Kisha neno hilo mligandishe, lisibadilike tena. Leo "mtafiti", kesho "mtaalamu wa uvuvi", keshokutwa "mwanasayansi": hapo mmetengeneza watu watatu kutokana na mmoja, na mkanganyiko umerudi kwa mlango wa nyuma.

Hewani tumtajeje?

Kazi itangulie, jina lifuate: "Mtafiti wa samaki kutoka Nyegezi, Juma Mabula." Jina la kawaida likitangulia, msikilizaji huwa ameshamweka yule anayemjua yeye, na maneno ya baadaye humpita.

Utambulisho huo urudiwe kila mkitoka kwenye matangazo au muziki, na kama hakuna mapumziko, kila baada ya dakika saba hadi kumi. Si lazima uwe mrefu. "Bado niko na Mabula, mtafiti wa samaki" unatosha. Mwisho wa kipindi urudiwe kamili, kwa faida ya waliochelewa.

Sehemu inayosahaulika ni taarifa ya habari. Mhariri wa habari huchukua sekunde ishirini za mahojiano ya asubuhi na kuandika utangulizi wake mwenyewe saa 2 usiku, bila kumjua mgeni. Fungu la maneno mliyokubaliana likae juu kabisa ya karatasi ya kipindi na ndani ya jina la faili, ili alinakili, asitunge.

Na wakiwa wote wawili studioni kwa pamoja?

Inawezekana kabisa, mradi mtangazaji aache kutumia jina la pamoja peke yake kwa muda wote wa kipindi. Waitwe kwa kazi: "Wakili, wewe unasemaje?" "Nahodha, hilo limekukuta?" Hii ni heshima tuliyoizoea na inaingia vizuri masikioni. Mama wa makamo akipenda aitwe Mama Neema au Bibi Afya, ni sawa, ila achague mwenyewe.

Wageni wenyewe waelezwe kabla: wasiseme "kama alivyosema wajina wangu" kila mara, kwani baada ya mara ya tatu hakuna anayejua nani alisema nini. Waseme "kama alivyosema wakili". Dakika mbili za mwanzo kila mmoja aongee peke yake, bila kukatizana, ili msikilizaji azizoee sauti.

Kila mmoja arekodiwe kwenye njia yake ya sauti. Wapo wanaopenda kumweka mmoja spika ya kushoto na mwingine ya kulia kwenye podikasti. Usogezaji mdogo hauna ubaya, lakini msiutegemee: simu ya spika moja na redio ndogo ya mkononi huziunganisha sauti zote zikawa mahali pamoja.

Wapigaji simu na wanaotuma ujumbe tuwaelekezeje?

Mpigaji akisema "swali langu ni kwa Mabula", asiachiwe aendelee. Mtangazaji amkatize kwa upole: "La sheria au la samaki?" Akiachwa amalize, wageni wote wawili watajibu, au hakuna atakayejibu. Kwa ujumbe mfupi, tangazeni mapema kwamba ujumbe uanze na neno SHERIA au SAMAKI. Msomaji wa ujumbe azipange kwa mafungu mawili kabla ya kumpa mtangazaji.

Mafaili yetu ya sauti huchanganyika. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi liko WhatsApp. Sauti iliyorekodiwa humo hufika kwenye simu za Android ikiwa na jina la aina ya PTT, tarehe, WA na namba. Wimbo au faili jingine la sauti hupewa AUD. Jina la mgeni halimo. Wajina wawili wakituma majibu siku moja, mna mafaili mawili yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa tarakimu ya mwisho.

Kama mgeni amerekodi kwa programu nyingine, mwambieni alitume kama hati, si kama sauti. Likienda kama hati jina lake hubaki. Kama ametuma ujumbe wa sauti wa kawaida, aanze kwa kujitaja, na ninyi mbadilishe jina la faili palepale mnapolipakua, kabla ya kulisogeza popote. Mpangilio unaofaa ni huu:

2025-03-14_mabula-juma_samaki-nyegezi_ghafi.wav

Tarehe itangulie kwa mwaka, mwezi, siku, ili kompyuta iyapange yenyewe. Msiweke nafasi, mabano wala alama za kunukuu. Neno la mwisho lionyeshe hatua: ghafi, hariri, mwisho. Neno "mpya" lisitumike kabisa. Baada ya wiki moja kila faili ni jipya kuliko jingine.

Kwenye podikasti, kichwa na maelezo viandikweje?

Mada kwanza, kisha jina, kisha kazi. "Kwa nini dagaa huadimika mbalamwezi: Juma Mabula, mtafiti wa samaki." Programu nyingi za kusikilizia hukata kichwa kirefu kwenye skrini ndogo, kwa hiyo kichwa kinachoanza na jina kitawafanya Mabula wawili waonekane kama kipindi kimoja kilichowekwa mara mbili. Sentensi ya kwanza ya maelezo ibebe utambulisho kamili wenye mahali, na chini yake kiungo alichotuma mgeni mwenyewe. Kama mna vipindi vya wajina wote wawili, wekeni mstari mmoja kila upande: "Huyu si wakili Juma Mabula wa kipindi cha Februari," pamoja na kiungo cha kipindi hicho. Mstari huo unawasaidia wasikilizaji na pia mitambo ya kutafutia, ambayo hupenda kuunganisha wasifu wa wajina kuwa mtu mmoja.

Kwa wenye uwezo wa kugusa mlisho wa RSS, yaani faili linalopeleka vipindi kwenye programu za kusikilizia, ipo tagi ya podcast:person. Inabeba jina la mtu, na ndani yake mnaweza kuweka role, img na href, yaani nafasi yake kipindini, picha yake na kiungo chake. Angalieni role kwa makini. Isipoandikwa, programu huchukulia kwamba huyo ni mwendesha kipindi, na mgeni wenu ataonekana kama mtangazaji wa podikasti. Andikeni guest. Na href ndiyo inayotenganisha wajina: majina yakifanana, viungo havifanani.

Kuna namba ya kimataifa inayomtambulisha mtu badala ya jina?

Zipo, kwa taaluma fulani. Watafiti wengi wana ORCID, iliyoanza mwaka 2012: alama 16 zilizogawanywa katika mafungu manne, na ya mwisho huweza kuwa herufi X badala ya tarakimu. Ukimhoji mtafiti wa Nyegezi au wa hospitali ya Bugando, muulize. Akiwa nayo, iwekeni kwenye ukurasa wa kipindi. ISNI nayo ina alama 16 na inawahusu zaidi waandishi, wanamuziki na wachapishaji. Kwa madaktari, mawakili na wahandisi wa hapa nchini, namba za usajili za mabaraza na bodi zao husaidia upande wa ndani, kuhakikisha kwamba mnaongea na mwenye taaluma kweli. Hizo hazina haja ya kusomwa hewani.

Mvuvi, mama lishe na fundi mitumbwi hawana namba hizi. Kwao tengenezeni yenu: kila mgeni mpya apewe namba ya mfululizo kwenye daftari au jedwali la wageni, W0001 na kuendelea, namba isiyotumika tena kwa mwingine. Nguzo zinazohitajika ni namba, majina matatu, jina la hewani, utambulisho uliogandishwa, tahajia nyingine za jina, tarehe za vipindi, na nguzo ya "si huyu", inayotaja namba ya wajina wake. Bila nguzo hiyo ya mwisho, jedwali litawaonyesha Mabula wawili na mtu mwenye haraka ataona ni marudio, afute mmoja.

Je, kama ni mtu mmoja mwenye majina mawili?

Ni kosa lilelile kwa kinyume: maktaba inagawa mtu mmoja kuwa wawili. Joseph Mbilinyi aliimba kama Mr. II na Sugu, kisha akawa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Joseph Haule ni Professor Jay, aliyekuwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Mtu kama huyo apewe namba moja ya mgeni, majina yote yaandikwe, na utambulisho wa hewani ufuate mada ya siku.

Picha ya mgeni tuipate wapi?

Kwake. Picha ya kwanza inayotokea mtandaoni kwa jina la kawaida ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya wajina wake. Vivyo hivyo akaunti: mwombeni awatumie ujumbe kutoka akaunti hiyo kabla ya kumtaja kwenye tangazo la kipindi. Alama ya uthibitisho kwenye akaunti haisemi kwamba mwenyewe ni mtafiti wa samaki.

Tumwombe mgeni kitambulisho cha NIDA?

Hapana, hamkihitaji. Majina matatu, kazi na mahali vinatosha kumtofautisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na kwa kiasi kinachohitajika. Nakala ya kitambulisho iliyobaki kwenye kompyuta ya studio inayotumiwa na watu wa zamu zote ni mzigo usio na sababu. Namba ya simu ya mgeni nayo isitolewe kwa msikilizaji bila ruhusa. Na kwa wajina, kosa la kutoa namba ya asiyehusika ni rahisi mno.

Tumeshachanganya hewani. Tufanyeje?

Kama kipindi bado kinaendelea, sahihisheni papo hapo, mtangazaji mwenyewe, kwa sentensi iliyo wazi: "Mgeni wetu ni Juma Mabula mtafiti wa samaki. Hana uhusiano na wakili wa Ilemela mwenye jina hilo." Anzeni na ukweli. Mkianza kwa kurudia kosa zima, anayesikia nusu ataondoka na kosa.

Kama kipindi kimekwisha, wapigieni wote wawili kabla ya kurudi hewani, kisha sahihisheni siku inayofuata saa ileile, maana wasikilizaji wa saa 1 asubuhi si wa saa 10 jioni. Rudini pia kwenye marudio yaliyopangwa, kwenye mitandao ya kijamii, na kwa redio washirika mliowapa rekodi.

Kwenye podikasti, badilisheni kichwa, maelezo na tagi, lakini msiguse guid ya kipindi, yaani alama yake ya pekee kwenye mlisho. Ikibadilika, programu za wasikilizaji zitaona ni kipindi kipya na kukishusha upya, na cha zamani chenye kosa kitabaki kwenye simu zao. Sauti yenyewe ikiwa na kosa, pakieni faili lililorekebishwa, na mjue kwamba waliokwisha kupakua la awali hawatapata badiliko. Kwa hiyo tamkeni sahihisho mwanzoni mwa kipindi kinachofuata pia.

Mgeni anaweza kudai wajina wake aache kutumia jina hilo?

Jina la kuzaliwa ni haki ya kila mmoja wao, na redio haina mamlaka ya kuamua nani analistahili. Kwa waigizaji wa Uingereza hali ni tofauti kidogo: chama chao, Equity, hakiruhusu wanachama wawili kutumia jina moja la kazi, ndiyo maana David McDonald akawa David Tennant. Hapa kwetu njia ni makubaliano: muulizeni aliyefika baadaye kama yuko tayari kuongeza jina la tatu. Akikataa, kazi na mahali vitabeba mzigo.

Tunataka kuandaa kipindi maalum cha wajina wa taaluma mbalimbali. Mna ushauri?

Ni kipindi kizuri, na wasikilizaji hukipenda. Chukueni wageni watatu, wasizidi hapo. Wanne wenye jina moja sikio haliwashiki. Chagueni taaluma zilizo mbalimbali, tuseme Kulwa nahodha, Kulwa muuguzi na Kulwa mkulima wa pamba, na sauti zinazotofautiana kwa umri au jinsia. Kwa dakika 45, mpe kila mmoja dakika nane peke yake kuhusu kazi yake, halafu waulizeni wote swali moja: jina hili limewaletea nini? Hapo ndipo hutoka habari za barua zilizopotea, mikopo iliyosomwa kwa mwingine, fomu za hospitali zilizobadilishana. Kama kuna habari inayotaja taasisi au mtu, mtangazaji awe tayari kuizuia. Aliyetajwa hayupo kujibu.

Msikijaze kipindi chote kwa maana za majina. Dakika mbili za hilo zinatosha. Wageni wana kazi wanazozijua vizuri, na hizo ndizo zilizowaleta.

Tusome vipi taarifa za mahakamani na matangazo ya vifo yenye jina la mgeni wetu?

Kwa mahakama, someni majina yote, umri, makazi na kazi ya mshtakiwa kama yalivyosomwa mahakamani. Kama wajina wake alikuwa mgeni wenu karibuni, ongezeni sentensi ya kumtenga. Kumhusisha mtu na kosa lisilo lake ni kashfa, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inaitambua.

Tangazo la kifo linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ndugu husafiri. Mtu wa Ukerewe akisikia jina la kaka yake saa 12 jioni, kesho alfajiri yuko kivukoni. Msipokee tangazo lenye majina mawili tu. Ombeni jina la tatu, mtaa au kijiji, kazi ya marehemu enzi za uhai wake, jina la anayetangaza na uhusiano wao, pamoja na namba ya kupiga kuhakikisha. Someni makazi na kazi kabla ya jina, na rudieni jina mara mbili. Siku hiyo angalieni pia ratiba ya marudio: kama kuna mahojiano ya wajina wa marehemu yaliyopangwa kurudiwa jioni, yasogezeni hadi wiki inayofuata, na mmpigie mgeni huyo kumjulisha sababu.